Turudishieni "itaendelea" yetu: barua ya wazi kwa mnaopanga ratiba za tamthilia

Kwenu wakurugenzi wa vituo vya televisheni, wenye ving'amuzi, na ninyi wa Netflix na wenzenu mnaouza tamthilia kwa intaneti, mlioko mbali mpaka Los Gatos kule California,

Habari za kazi. Waliotangulia kuzaliwa, shikamooni.

Mimi ni msusi. Nina saluni ya viti vitatu Tandika, Dar es Salaam, na televisheni moja niliyoipachika juu ya kioo, ambayo kusema kweli imenishikia wateja wengi kuliko vidole vyangu. Ninyi mnaokaa kwenye vyumba vya viyoyozi mnaweza kudhani msusi hana la kuwaambia. Lakini rasta ndogondogo hula saa tano mpaka saba, na muda wote huo mteja hana pa kwenda. Kichwa kiko mikononi mwangu, kilichobaki huru ni mdomo. Kama kuna watu mjini hapa wanaojua tamthilia zenu zinasemwaje, na zinaacha kusemwa lini, ni sisi wa kazi hii.

Na zimeacha kusemwa. Ndiyo maana naandika, kuwaomba mturudishie sehemu moja kila wiki badala ya kuachia msimu mzima siku moja.

Zamani, na si zamani sana, tamthilia ikirushwa usiku, kesho yake mteja wa kwanza alikuwa anaingia bila hata kuketi: "Mmemwona yule mama lakini?" Haikuhitajika kutaja mama gani. Mpaka tunamaliza kuosha nywele, kesi imeshasikilizwa, shahidi ameshaitwa, na yule mama ameshahukumiwa. Kuna mwalimu mmoja, mteja wangu wa miaka, alikuwa na tabia ya kutabiri kitakachotokea wiki ijayo, na akikosea ananunulia saluni nzima soda. Tumekunywa soda nyingi za mwalimu yule.

Siku hizi anaingia binti, waya masikioni, macho mekundu. Amemaliza msimu mzima jana usiku. Aliyeko kiti cha pili amefika sehemu ya tatu. Wa kiti cha tatu hajaanza, anasubiri aweke kifurushi. Mmoja akifungua kinywa tu, mwenzake anaruka: "Usiniambie!" Basi kimya. Unasikia drayer peke yake. Watu watatu wanaipenda hadithi moja, wameketi umbali wa hatua mbili, na hawawezi kuizungumza.

Squid Game, tamthilia ya Kikorea ya michezo ya kufa na kupona, ilipotoka Ijumaa ya tarehe 17 Septemba 2021, sehemu zote tisa kwa mkupuo, dada yetu wa kucha aliimaliza kabla wengine hatujajua hata inahusu nini. Jumatatu akajisahau, akataja nani anakufa. Mteja niliyekuwa namsuka twende kilioni alinyanyuka nusu kichwa kimesukwa, nusu kimefumuka, akataka kuondoka. Ilibidi nimpunguzie bei.

Sasa mlinganishe na Mei 2019. Game of Thrones, ile tamthilia ya majoka na kugombea ufalme, ilikuwa ikirushwa Marekani Jumapili usiku, na kwetu, kwa waliokuwa na DStv, ikiingia saa ile ile, yaani Jumatatu saa kumi alfajiri. Sehemu ya mwisho kabisa ilitufikia alfajiri ya tarehe 20 Mei, katikati ya mwezi wa Ramadhani. Mtaa mzima ulikuwa macho tayari kwa ajili ya daku. Jirani mmoja akafungua mlango, tukaingia watu tisa na sahani zetu za wali na maharage ya jana, tukala daku mbele ya joka. (Msinihukumu kwa kuangalia vile mwezi mtukufu. Sehemu ile ilikuwa majivu na theluji tu, na watoto tuliwaacha kitandani.) HBO, wenye tamthilia, walihesabu watazamaji milioni 19.3 usiku ule kwao Marekani. Sisi tisa wa Tandika sidhani kama tulihesabiwa. Ilivyokwisha iliwaudhi wengi, na mimi nilinuna nayo mpaka Idi. Lakini tulinuna pamoja. Saa nane mchana saluni ilikuwa bunge. Hakuna aliyekuwa mbele ya mwenzake, kwa sababu hakuna ambaye angeweza kuwa mbele.

Msije mkadhani nalilia mambo ya kale. Kuangalia msimu mzima bila kupumua sisi tulikujua kabla yenu. Ninyi mnajisifu kwamba mlianza tarehe 1 Februari 2013, Netflix walipoachia sehemu zote 13 za House of Cards siku moja. Tandika tulikuwa tumeshahitimu. Kariakoo ulikuwa unanunua sidii moja imebeba msimu mzima, nyingine imebeba na wa pili yake, maandishi ya Kichina yanapita chini ya picha. Baadaye vikaja vibanda vya kurusha muvi: unampa kijana flashi yako, unamwambia "nirushie 24 yote," ile tamthilia ya Kimarekani, unaenda zako sokoni, ukirudi iko tayari. Nakiri ulikuwa wizi, na waliotengeneza hawakupata hata senti. Prison Break niliianza Jumamosi jioni, nikasema naangalia mbili tu. Jumapili asubuhi nilimsuka bibi harusi wa watu huku macho yamevimba kama nimefiwa. Namshukuru Mungu shela lilifunika.

Ninachokumbuka katika usiku ule ni mchoro mwilini mwa yule jamaa na uchovu. Basi. Nani alimsaliti nani, kwa nini, sikumbuki, kwa sababu sikupewa hata siku moja ya kukasirika kabla hajasamehewa.

Mama yangu yuko Tanga na hajawahi kumaliza sizoni hata moja maishani mwake. Lakini mtajie Mkwaju. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati, nusu saa, mara mbili kwa wiki. Mkwaju alikuwa dereva wa lori mwenye mwanamke kila kituo, na mkewe, Tunu, yuko nyumbani na watoto. Mama anasimulia vituko vya Mkwaju kama vya shemeji yake halisi, na mpaka leo mwanaume akichelewa kurudi safari atamuuliza kama naye ni Mkwaju. Mwisho wa Mkwaju ulikuwa UKIMWI, na haukuja kwa mkupuo; ulimfuata polepole, sehemu kwa sehemu, wasikilizaji wakiuona unakuja na yeye hauoni.

Kuna jambo kuhusu mchezo ule ambalo ninyi wapanga ratiba mngepaswa kulibandika ukutani. Kwa miaka miwili ya mwanzo, eneo la Dodoma halikurushiwa. Watafiti walitaka kulinganisha waliosikia na wasiosikia. Walichokiona ni kwamba kwenye maeneo yaliyosikia, matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda, na njia mojawapo iliyowafikisha watu hapo ilikuwa mazungumzo: mke na mume waliusikia mchezo, kisha wakaongea. Nusu saa mbili kwa wiki hazina uwezo wa kumgeuza mtu. Kazi ilifanywa na siku zilizokaa katikati. Jumanne mnasikiliza, Jumatano mnabishana shambani, Alhamisi mwanamke anapata ujasiri wa kuuliza alichotaka kuuliza. Mngewapa kaseti zote siku moja, wangezisikiliza, wakalala.

Magazeti ya hadithi nayo yalilijua hilo. Nilianza kazi enzi ambazo saluni bila gazeti la Ijumaa au Uwazi haikuwa saluni. Ukurasa wa hadithi ulikuwa unachanika kwa kushikwa. Msichana yuko mlangoni, mwanaume ndani ana kisu, kitasa kinazunguka, halafu herufi nene: ITAENDELEA WIKI IJAYO. Wateja walimtukana mwandishi, na wiki ijayo walikuwa wa kwanza kuuliza kama gazeti limefika. Neno lile lilikuwa mkataba. Mwandishi anakuambia: nimekuacha kwenye moto lakini nitarudi, na wewe ukipenda mfikirie huyu msichana mpaka nirudi. Ilimbidi ajue kukata. Alijua sentensi gani iwe ya mwisho.

Ninyi wa mkupuo mmeiondoa kazi hiyo kwa mwandishi mkaipa mashine. Sehemu ikiisha, kwenye kona panahesabiwa sekunde chache, inayofuata inaanza yenyewe. Kwa nini mwandishi ahangaike na taharuki wakati kitufe kinamfanyia? Ndiyo maana tamthilia nyingi siku hizi sehemu ya nne na ya tano hazina mwanzo wala mwisho. Ni ukoka mmoja uliokatwa kwa panga popote pale.

Kilichoniuma zaidi ni cha jirani zetu. Ijumaa ya tarehe 15 Julai 2022, Country Queen, tamthilia ya kwanza ya Kenya kutoka Netflix, iliachiwa sehemu zote sita siku moja. Ni hadithi ya binti anayerudi kijijini kutoka Nairobi na kukuta kampuni ya madini inawanyemelea watu ardhi yao. Wahusika wanaongea Kiswahili, Kikamba na Kiingereza, vile vile watu wanavyoongea. Sasa shikeni kalenda. Wakenya walikuwa wanakwenda kupiga kura tarehe 9 Agosti. Sehemu moja kila Ijumaa ingeanza kampeni zikiwa zimepamba moto na kwisha tarehe 19 Agosti, matokeo yakiwa yametangazwa. Wiki sita nchi nzima inaulizana kuhusu ardhi, nani aliuza, nani alitia saini, huku wanaotaka kura wanapita na vipaza sauti. Nafasi kama ile hainunuliwi. Ikamalizwa Jumamosi na Jumapili, na Jumatatu watu wakauliza kingine kipya ni kipi.

Nirudi kwenye fedha, maana najua lugha hiyo mnaielewa. Netflix wenyewe wanaeleza kwamba picha ya kiwango cha chini kwenye akaunti hula hadi GB 0.3 kwa saa, na picha kali ya HD hufika GB 3. Msimu wa saa nane basi ni kati ya GB 2.4 na 24. Mwenye intaneti ya waya nyumbani, Masaki kwa matajiri, hazioni hizo. Binti wangu wa kuosha nywele anaziona, kwa sababu ananunua kifurushi cha siku, akijaliwa cha wiki. Mnapoachia kila kitu siku moja mnawapa wa Masaki haki ya kumaliza wa kwanza na kutuharibia wengine wote. Sehemu moja kwa wiki kwa picha ya chini haifiki hata nusu GB. Hiyo inaingia kwenye kifurushi cha wiki bila mtu kukopa salio. Mkiachia kidogo kidogo, mtu wa Mbagala na mtu wa Masaki wanafika pamoja.

Najua pia faida yenu. Sehemu nane kwa wiki nane ni malipo ya miezi miwili badala ya mmoja, na mtu hawezi kujiunga leo, akamaliza, akajitoa kesho. Disney walipoanza huduma yao Novemba 2019 walikuja na The Mandalorian wiki kwa wiki, na sidhani kama walifanya vile kwa kutuonea huruma wasusi. Sina kinyongo. Ila mkitaka nikufuateni miezi miwili, niuzieni kwa kipimo changu. StarTimes wamekuwa wakiuza kwa siku na kwa wiki, na king'amuzi hakikuungua. Mimi nanunua umeme wa LUKU kwa uniti, sukari kwa robo. Kwa nini hadithi nilipie kwa mwezi?

Wapo watakaonijibu kwamba watazamaji wenyewe ndio wanaotaka yote mara moja, na watatoa mfano wa The Boys ya Amazon. Msimu wa kwanza, 2019, waliachia wote siku moja. Septemba 2020 wakatoa sehemu tatu za mwanzo wa msimu wa pili, zilizobaki wakazitoa moja moja kila Ijumaa hadi tarehe 9 Oktoba. Watu wakachachamaa, wakaishushia tamthilia nyota, si kwa ubaya wa tamthilia bali kwa hasira ya ratiba. Mimi nawaelewa kabisa. Ukimzoesha mteja kwamba rasta zinaisha siku moja, halafu mara ya pili katikati ya kichwa unamwambia "rudi wiki ijayo," atakutukana, hata kama kuna faida ya kusubiri. Siku hizi Netflix nao wanakatakata: msimu wa mwisho wa Stranger Things wameugawa vipande vitatu, kuanzia Novemba 2025 mpaka mkesha wa mwaka mpya. Si mkupuo, si wiki. Mtu anakula sehemu nne usiku mmoja, halafu anashindishwa njaa mwezi mzima.

Nikifika hapa lazima nigeuke kwa vituo vyetu wenyewe, maana nikiwaacha nitakuwa mnafiki. Ninyi wiki kwa wiki mnayo tayari, tena wengine mara tatu mpaka tano kwa wiki, na mnaichezea. Mnarusha dakika ishirini na tano, nane kati yake ni "ilipoishia" na sita ni matangazo ya sabuni. Mnaanza saa tatu usiku, mwezi ujao saa tatu na nusu, mwezi unaofuata mpira umeingia na tamthilia haipo kabisa, na hakuna aliyetuambia. Mnamrefusha mgonjwa hospitalini sehemu kumi na saba kwa sababu mdhamini ameongeza mkataba. Watu wakikimbilia flashi mnasema hawapendi vya nyumbani. Vya nyumbani tunavipenda. Mwaka 2011 TBC ilirusha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, Doudou na Mama Wakwe Zake, na nchi nzima ilimjua Doudou mpaka Rais Xi Jinping alipokuja Dar es Salaam Machi 2013 akaitaja kwenye hotuba yake. Mkwe na mawifi waliosema Kiswahili, basi, tukatulia mbele ya televisheni. Hatuhitaji kubembelezwa zaidi ya hapo.

Ninachoomba kinaingia kwenye kiganja. Anzeni na sehemu mbili kwa pamoja ili tuwajue watu, kisha moja kila wiki, siku ile ile, saa ile ile, na mtuambie mapema ni ngapi. Wekeni marudio Jumamosi mchana, maana umeme hukatika na wagonjwa hulazwa. Msimu ukiisha, uacheni wote mahali pamoja. Nina mpwa wangu yuko mgodini Geita, anapata likizo siku chache, anataka kuangalia mpaka macho yatoke. Aangalie. Bibi harusi hatamsuka yeye. Na mkishindwa kuendelea, kwa fedha au kwa ugomvi wa waigizaji, tangazeni, na mtuambie ilikuwa iishe vipi.

Hili la mwisho nalisema kwa sababu maalumu. Miaka kadhaa iliyopita mama alikuja Dar kutibiwa mguu, akakaa kwangu miezi minne. Kuna tamthilia tuliifuata pamoja, kila Jumatano, yeye kitandani, mimi sakafuni namkanda. Kulikuwa na binti anamtafuta baba yake, na sisi tulishajua baba ni yule mlinzi wa getini, ila yeye binti hajui, anampita kila siku anamsalimia "shikamoo baba" kwa heshima tu ya kawaida. Mama alikuwa anaishika shuka kila binti akipita getini. Jumatano moja tukawasha, tukakuta kipindi cha mapishi. Jumatano iliyofuata mapishi. Nikapiga simu ya huduma kwa wateja, nikaambiwa nisubiri kwenye laini, nikasubiri mpaka salio likaisha.

Kituo sikitaji, wenyewe mnajijua. Mama alirudi Tanga, mguu umepona. Kila nikimpigia, baada ya salamu na habari za mbuzi, anauliza kama wameshasema. Nimemdanganya mara moja kwamba binti alimtambua baba yake kwa kovu la mkono. Akanyamaza, akasema, "Mbona mlinzi alikuwa anavaa mikono mirefu?"

Kwa hiyo nijibuni tu hilo, hata kwa ujumbe mfupi wa simu. Alimjua, au hakumjua?

Msusi wenu,
Tandika, Dar es Salaam